Gesi Haiishi, Inavuja

Gesi ya AC haiishi. Imenichukua miaka mitatu na makopo manne kulielewa jambo hilo, kwa sababu kila niliyemuuliza aliniambia kinyume: gesi imeisha, jaza. Jirani alisema hivyo. Kijana wa duka la spea alisema hivyo huku akinitolea kopo dogo la gramu 340, lina hosi fupi na geji ya duara yenye rangi rangi. "Ni kazi ya dakika kumi, kaka. Fundi wa nini?" Na kweli ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Mombasa mwezi wa pili unaijua. Uko kwenye foleni ya feri ya Likoni, vioo umefunga kwa sababu ya moshi wa lori la mbele, na shati limegandana na kiti. Jumamosi moja nikafungua boneti nje ya nyumba, injini ikinguruma taratibu, AC na feni nimeziweka mwisho. Nikafuata ile paipu nene ya alumini mpaka kwenye kifuniko kilichoandikwa L, nikakitoa, nikabana hosi mpaka ikalia ta! Nikafungua valvu, nikashika kopo wima. Likawa baridi mkononi, likatoa jasho kama chupa ya soda. Mshale ukapanda taratibu ukaingia kwenye kijani. Ndani ya gari upepo ukageuka barafu, na mke wangu akanipigia makofi. Nilijiona injinia.

Miezi minane baadaye upepo ulikuwa wa moto tena. Nikanunua kopo la pili. La tatu lilidumu miezi mitano.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa AC kule Changamwe, mtu wa maneno machache. Nilimpelekea gari baada ya kopo la nne, nikamwambia gesi imeisha. Hakushika hata spana. Akaniuliza, "Friji ya nyumbani kwako unaijaza gesi mara ngapi kwa mwaka?"

"Sijawahi kuijaza, mzee."

"Unayo tangu lini?"

"Tangu nioe."

"Basi," akasema, akainama kwenye injini.

Friji na AC ya gari ni mtambo mmoja. Gesi inabanwa na kompresa, inapata moto, inapozwa kwenye koili iliyo mbele ya redieta na kugeuka maji, kisha inapenyezwa kwenye tundu dogo mpaka koili ya ndani ya dashibodi. Hapo inachemka na kuwa gesi tena, ikifyonza joto la hewa unayopuliziwa usoni. Inazunguka hivyo hivyo, siku zote ile ile. Hailiwi kama petroli. Kwenye friji, mota na kompresa vimefungiwa pamoja ndani ya chungu cha chuma kilichochomelewa, na mabomba yake ni shaba isiyocheza. Kwenye gari, kompresa inazungushwa na mkanda wa injini. Kwa hiyo lazima kuwe na mhimili unaotoka nje ya chungu, na mahali unapotokea pazibwe kwa sili inayosuguliwa mara elfu kwa dakika. Injini inatikisika, kwa hiyo lazima kuwe na hosi za mpira. Kila kiungo kina oringi. Watengenezaji walijua tangu mwanzo kwamba kitu cha namna hii kitavuja kidogo. Walilikubali hilo, na ukikubali kuvuja inabidi uwe na njia rahisi ya kujaza. Kopo langu lilizaliwa hapo.

Ila kabla ya kopo kulikuwa na gesi zenyewe, na za kwanza zilikuwa na sifa mbaya. Friji za Marekani za miaka ya 1920 zilitumia amonia, dioksidi ya salfa au kloridi ya metili. Zote zilipoza vizuri, na zote zilikuwa sumu. Kulikuwa na familia zilizolala zikiwa salama na hazikuamka kwa sababu bomba la friji lilivuja usiku. Kampuni ya General Motors, iliyokuwa inamiliki friji za Frigidaire, ikampa kazi mhandisi wake Thomas Midgley: tafuta gesi isiyoua wala kushika moto. Ilikuwa 1928. Midgley na wenzake wakaipata ndani ya siku chache tu, mchanganyiko wa kaboni, klorini na florini tuliokuja kuujua kama Freon, au R-12. Mwaka 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia wa Marekani, Midgley alivuta pumzi ya gesi hiyo mpaka ikajaa kifuani, kisha akaipuliza juu ya mshumaa. Mshumaa ukazimika, na yeye akabaki amesimama. Kwa hila moja aliwaonyesha mambo mawili.

Midgley huyo huyo, mwaka 1921, ndiye aliyegundua kwamba ukitia risasi kwenye petroli injini haigongi. Mtu mmoja alitoa vitu viwili vilivyoingia kwenye mapafu na anga ya dunia nzima, na vyote viwili kupitia gari. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Gesi yake iliokoa watu kwelikweli. Mwaka 1940 alipatwa na polio, akajitengenezea kamba na roda za kumwinua kitandani, na mwaka 1944 alikutwa amenyongwa na kamba hizo hizo. Habari hiyo husimuliwa sana kama mzaha, na mimi huwa sioni cha kucheka.

Gari la kwanza kuuzwa na AC kutoka kiwandani lilikuwa Packard, toleo la 1940. Koili ya kupozea ilikaa kwenye buti, ikala nafasi ya mizigo. Kompresa haikuwa na klachi, kwa hiyo ukitaka kuzima ubaridi unasimamisha gari, unazima injini, unafungua boneti na kuutoa mkanda kwa mikono. Unaweza kukisia kwa nini haikuuzika. Baada ya vita ikaja klachi, mitambo ikapungua ukubwa, na kufikia 1969 zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa na AC. Mtambo mmoja ulibeba zaidi ya kilo moja ya R-12, na ukivuja ulijaziwa kwenye uwanja wa nyumba kwa kopo lililonunuliwa dukani pamoja na oili ya injini. Hakuna aliyeuliza ile iliyovuja ilienda wapi. Haina harufu, haina rangi, na mshumaa wa Midgley ulikuwa umeshathibitisha kwamba haidhuru mtu.

Aliyeitafuta alikuwa Mwingereza, James Lovelock, na alitumia chombo alichokibuni mwenyewe. Mwaka 1971 alipanda meli ya utafiti kutoka Uingereza kuelekea Antaktika, akawa anapima hewa njiani, na akazikuta gesi za ukoo huu hata katikati ya bahari kusikokuwa na friji wala gari. Yeye hakuona ubaya wowote. Ni Mario Molina na Sherwood Rowland, wanakemia wa chuo kikuu kule California, waliojiuliza swali la pili: kama haziozi huku chini, zinaozea wapi? Jibu lao lilichapishwa Juni 1974. Zinapanda mpaka juu kabisa, huko miale mikali ya jua inazivunja na kuachia klorini, na chembe moja ya klorini inaweza kuharibu chembe 100,000 za ozoni kabla ya kutulia. Ozoni ndiyo mwavuli unaotukinga na miale ya jua inayoleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho.

Marekani ilipiga marufuku gesi hizi kwenye makopo mengi ya marashi na dawa za kupuliza mwaka 1978. AC za magari ziliachwa. Mtu anaweza kupaka deodoranti kwa kijiti, lakini Mtexas kumnyang'anya AC ni vita. Mpaka Mei 1985, Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walipotoa vipimo vya kituo chao cha Halley kule Antaktika: kila majira ya kuchipua ya huko, ozoni ilikuwa inapungua kwa kiasi ambacho hakuna aliyekuwa amekitabiri.

Hapa hadithi inafika Nairobi, na mimi niliishi miaka mingi bila kujua kwamba ilipita kwetu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, lilikuwa limeunda kamati ya kuratibu utafiti wa ozoni tangu 1977. Mkuu wake alikuwa Mmisri, Mostafa Tolba, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyegeuka kuwa mpatanishi. Tolba ndiye aliyezikalisha serikali na viwanda meza moja, na tarehe 16 Septemba 1987 ikatiwa saini Itifaki ya Montreal. Jina lilichukuliwa na Kanada, lakini sekretarieti ipo Nairobi mpaka leo. Mwaka 2009 ikawa mkataba wa kwanza wa aina yake kuridhiwa na kila nchi duniani. Na ni shirika hilo hilo, kutoka Gigiri hiyo hiyo, lililotangaza Agosti 2021 kwamba hakuna tena nchi inayouza petroli yenye risasi kwa magari. Algeria ilikuwa ya mwisho. Kwa hiyo vitu vyote viwili vya Midgley vilisimamiwa mazishi yao na ofisi moja iliyo nje kidogo ya barabara ya Limuru. Ukipita pale kwa matatu unaona bendera tu.

Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 mwishoni mwa 1995. Zetu zilipewa mpaka 2010. Katikati ya tarehe hizo kulikuwa na biashara. Marekani, kuanzia Novemba 1992, haikuruhusu tena kopo dogo la R-12 kuuzwa kwa mtu asiye na cheti cha ufundi. Bei ikapaa, na bandari ya Miami ikaanza kukamata mitungi ya magendo kama inavyokamata dawa za kulevya. Magari mapya yalikuwa yamehamia kwenye R-134a, isiyo na klorini, isiyogusa ozoni. Vinywa vyake vilifanywa vya umbo jingine kwa makusudi, ili hosi ya zamani isiingie. Kinywa cha presha ndogo kikawa chembamba kuliko cha presha kubwa, na hosi ya kopo ikaundwa iingie kwenye kile chembamba tu. Zamani mtu aliweza kukosea upande, presha ya kompresa ikarudi kwenye kopo, na kopo likapasuka mkononi. Ule mlio wa ta! ulionifanya nijione injinia ulikuwepo ili nisijiue.

Yule mzee wa Changamwe anazikumbuka siku zile. Magari yaliyotumika yalipoanza kumiminika kutoka Japani na Dubai miaka ya tisini, kila gari lilikuja na dini yake. Anasema mtungi mweupe ni R-12, wa samawati ni R-134a, na ukichanganya unaua kompresa, kwa sababu oili ya moja haiyeyuki kwenye nyingine. Alibadilisha mamia ya magari: kutoa oili ya zamani, kubadilisha oringi, kuweka vinywa vipya. "Wazungu walifanya mkutano," akasema, "mimi nikapata kazi." Nilimwambia mwenye mkutano alikuwa Mmisri. Akacheka, akaniomba nimshikie tochi.

Alikuwa ametia rangi kwenye mfumo, ile inayong'aa kijani ukiimulika kwa tochi maalumu ya zambarau. Tukaiona: tone dogo kwenye kiungo cha kondensa, chini ya taa ya kushoto. Oringi iliyokauka, kubwa kidogo tu kuliko pete ya ndoa. Miaka mitatu nilikuwa namwagia gesi hapo.

Akanieleza pia kwa nini geji ya kopo ilinidanganya. Gari likiwa limezimwa, kwenye joto la nyuzi 30, R-134a inasoma karibu 97 psi, iwe ndani kuna gramu 100 au 500, mradi kuna tone la maji limebaki. Presha inafuata joto, haihesabu gramu. Injini ikiwa inawaka, upande mdogo unasoma kati ya 25 na 45 hivi, lakini unapanda na kushuka kwa jua, kwa feni, kwa mwendo wa injini. Ukijaza kwa kuangalia mshale wa kijani unaweza kuzidisha, na gesi ikizidi ubaridi unapungua tena, nawe unadhani bado haijatosha. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Langu lilisema gramu 450. Miaka yote hiyo sikuwahi kuisoma, na iko sentimita kumi kutoka nilipokuwa nabana hosi.

Makopo manne ni gramu 1,360. R-134a haidhuru ozoni, ni kweli, lakini inashika joto angani: kilo moja ni sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka mia. Nilipiga hesabu usiku. Makopo yangu ni karibu tani mbili. Kuzitoa kwa kuchoma petroli ningehitaji lita 845, yaani zaidi ya safari ishirini za Mombasa mpaka Nairobi kwa gari langu. Na sikwenda popote, nilikuwa nimeegesha nje ya nyumba.

Ndiyo sababu Oktoba 2016 mataifa yalikutana tena, safari hii Kigali, wakaiongeza R-134a na ndugu zake kwenye itifaki ile ile. Nchi nyingi zinazoendelea zilitakiwa zisipandishe matumizi kuanzia 2024, kisha kushuka kwa ngazi mpaka asilimia 80 ipungue ifikapo 2045. Ulaya ilikuwa imeanza mapema. Tangu 2007 kopo la gesi hizi lisilojazwa upya haliruhusiwi kuingia sokoni huko, na magari yote mapya kuanzia 2017 hayana R-134a. Marekani imeachia kopo, ila tangu 2018 lazima liwe na valvu inayojifunga lenyewe, ili kilichobaki ndani kisivuje gerejini. Kila nchi imeamua kivyake ni kiasi gani cha uzembe inaweza kuvumilia kwa mtu aliye nje ya nyumba yake Jumamosi asubuhi.

Gesi ikianza kuadimika, wachakachuaji nao huamka. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya meli yalilipuka na kuua wafanyakazi wa bandari, na uchunguzi ukaelekea kwenye gesi bandia iliyotiwa makontena hayo Vietnam: ndani yake mlikuwa na kloridi ya metili, sumu ile ile ya friji za miaka ya 1920, ambayo ikikutana na alumini inazaa kitu kinachowaka kikiguswa na hewa. Makontena ya namna hiyo ndiyo yanayobeba parachichi zetu kutoka Kilindini. Tangu nisome habari hiyo kopo la bei ya kutupa silishiki.

Mzee alibadilisha oringi. Kabla ya hapo ilibidi atoe gesi iliyokuwemo. Vitabu vinasema itolewe kwa mashine inayoivuta na kuihifadhi kwenye mtungi. Yeye hana mashine hiyo. Bei yake, alivyonitajia, ni ya kununua pikipiki. Akabonyeza valvu kwa bisibisi na gesi ikatoka fyuuu, ikaweka ukungu mweupe juu ya injini, ikaisha. Tulisimama tukiisikiliza. Mimi nilikuwa na hesabu zangu za usiku kichwani na sikufungua mdomo. Ningemwambia nini? Kisha akafunga pampu ya vakyumu, ikavuta nusu saa ili hewa na unyevu vitoke, akaizima, akasubiri aone kama mshale utarudi. Haukurudi. Akaweka mtungi kwenye mizani na kuhesabu gramu 450.

Huu ni mwaka wa pili na upepo bado ni barafu.

Mwezi uliopita jirani yangu, yule wa "gesi imeisha", alileta gari jipya kutoka Japani, la miaka saba, linanukia kiti. AC ilikuwa inapoza kwa kusitasita, kompresa inajiwasha na kujizima. Akaja na kopo mkononi, akaniomba nimsaidie kwa kuwa mimi ni mzoefu. Nikafungua boneti, nikatoa kifuniko, nikajaribu kubana hosi. Haikuingia. Nikaigeuza, nikasukuma, haikuingia. Nikapangusa vumbi kwenye stika na kusoma: R-1234yf. Gesi mpya, ile ambayo haidumu angani zaidi ya siku chache, inayoweza kushika moto kidogo, na inayouzwa ghali mara nyingi kuliko niliyozoea. Kinywa chake ni cha umbo jingine tena.

"Vipi, imeharibika?" akauliza.

Nikamrudishia kopo lake, nikamuuliza friji yake ya nyumbani anaijaza mara ngapi.